Njia Iliyofungwa kwa Majani

Cheka, Timothée. Cheka mpaka meno yaote ukungu. Nimekuona tangu ulipoingia: umeweka begi chini, umemtazama kaka yako pale ukutani, halafu umenitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemkausha. Unajiuliza, huyu mwanamke mzee wa Banalia, aliyeishia shule ya msingi kwa masista, ataniambia nini mimi niliyetoka Butembo na diploma yangu? Bon. Kicheko kama hicho nilishakisikia ndani ya nyumba hii. Kilikuwa cha kaka yako. Mwangalie sasa kama anacheka.

Kaa kwenye benchi. Hapana, usiende mwisho ule, baki huku karibu na mimi. Mwisho ule unalowa.

Mvua hii haimruhusu mtu kwenda popote, na lori lako haliondoki barabara ikiwa uji. Halafu inapiga mabati ya paa, manjanja haya, kwa kelele, hatuwezi kusikia cha nje. Kwa sasa hiyo ni bahati yetu. Ikikatika tutasikiliza pamoja. Donc, acha niseme kabla haijakatika, na Kataliko naye asikie, maana masikio yake hayajafa. Kilichokufa ni shingo. Umeona ulivyomsalimu akakujibu huku anatazama ukuta? Si dharau. Shingo haigeuki. Hospitali wamempapasa, wamempiga picha, wamesema mifupa ni mizima.

Umekuja kumchukua umrudishe kwa mama yenu. Sikukatazi. Ila ujue unabeba nini. Kinachomfuata kaka yako kitapanda lori pamoja nanyi, na mkifika Butembo mlango wa kwanza kitakaosimama mbele yake ni wa mama yako.

Ah. Umeacha kucheka. Tuanze.

Kaka yako alipomwoa mjukuu wangu Solange, mimi sikupinga. Mfanyabiashara, sabuni na maharage kwa jumla pale Makiso, hanywi lotoko, anasali. Nilimlaumu kwa jambo moja tu: alikuwa anakimbia. Mtu mzima, baba wa watoto, anatoka asubuhi na kaptula, anakimbia barabarani! Hapa Kisangani mtu mzima akikimbia, ama ameiba, ama anafukuzwa. Wamama wanaouza majani ya pondu pale kona walikuwa wanampigia kelele:

“Papa Kataliko! Nani iko anakufuata?”

“Tumbo yangu!” anajibu, hasimami. “Ndiyo inanifuata!”

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Siku hizi wamama wale wakimwona dirishani wanainamia mboga zao. Hakuna anayemuuliza tena nani anamfuata.

Alitaka kwenda kwenu wakati wa jua kali, kushindana mbio za mlima. Alisema amezaliwa kwenye miteremko, kwamba hapa kwetu miguu yake inalala. “Koko, mulima iko wapi hapa?” Mimi koko wao, bibi wa mke wake, nikamwambia hapa hata wingu linatembea kwa tumbo. Lakini akatafuta, akapata. Kule njia ya Banalia, nyuma ya kijiji kimoja, kuna kilima ndani ya msitu. Sisi tunakiita mlima. Nyinyi watu wa Butembo mngekiita kiti.

Solange hakutaka aende porini peke yake. Alimwita mdogo wake, Bonheur. “Usimwache bwana yangu,” alimwambia. Maneno hayo hayo. Bonheur alikuwa mtu wa toleka, anabeba watu kwa baiskeli mji mzima, mapaja kama nguzo. Mdomo wake aliurithi kwangu. Alimwambia dada yake, “Mimi nitamuchunga bwana yako, na yeye anichunge mimi kwa kunilisha.” Kaka yako akamnunulia viatu vya mbio, basketi nyekundu, mpya. Mjukuu wangu hakuwahi kuvaa kitu kama hicho. Alikuwa anavisugua kwa mswaki wa meno, usiku anavilaza karibu na kichwa chake.

Kile kimoja unakiona pale juu ya msumari. Usikishike.

Walikuwa wanaondoka na pikipiki kukipambazuka, wanaiacha kwenye lopango, uani kwa Papa Constant, mzee wa kile kijiji, kisha wanaingia msituni kwa miguu. Mbele kidogo, pale penye kijito, njia inagawanyika. Ya kulia inazunguka kilima polepole. Ya kushoto inapanda moja kwa moja kama ngazi. Ya kushoto ilikuwa imefungwa.

Wewe hujui maana ya njia kufungwa, acha nikueleze. Kwetu, mkitembea msituni mmefuatana, wa mbele akifika njia panda anavunja tawi lenye majani na kulilaza juu ya njia isiyofaa, ili wa nyuma asipotee. Hilo ni tawi la kila siku, hata mtoto analijua. Lakini kuna tawi lingine. Hilo linawekwa na kijiji kizima, na linabadilishwa kila linapokauka. Hilo halimwambii mtu asiingie. Linakiambia kitu kisitoke.

Papa Constant aliwaonya. Hakuwaonya kwa mafumbo, aliwaambia wazi.

“Ile majani si buchafu,” alisema. “Musiitupe. Kule juu kulikuwa kijiji. Mutu moja wa kule alikuwa na chui yake, chui ya kutumwa. Akakufa, hakuiachia mutu. Sasa ile chui haiko na mwenyewe. Haiuwake kwa njaa. Iko inatafuta mwenyewe.”

Kaka yako alimshukuru kwa adabu, akampa sabuni. Walipofika kijitoni akalitazama lile tawi, akaitazama ile njia iliyosimama wima kama za kwenu. Akaliinua tawi na kulitupa kando, kwenye magugu.

“Shemeki,” Bonheur alimwambia, “mimi sipendi hii njia. Tupite ile ingine.”

“Hata mbuzi haiogopake majani, Bonheur!”

Wakapanda. Asubuhi iliyofuata wakakuta kijiji kimeweka tawi jipya. Akalitupa juu ya lile la jana. Ikawa hivyo. Wao wanafunga, yeye anafungua, na yale matawi yakarundikana pale kando, yakakauka, yakashikana vijiti kama ndema ya kutegea samaki.

Bonheur alinisimulia hayo akiwa anakula mikate, mdomo umejaa. Nikamwita kaka yako palepale, mbele ya mke wake. Nikamwambia, “Rudisha majani ya watu. Ulifungua kwa mkono wako, funga kwa mkono wako, kabla hakijaharibika kitu.” Ndipo akacheka kile kicheko. Kama chako.

Halafu wanyama.

Mwanzoni walikuwa wanakutana na wanyama kama unavyokutana nao popote msituni. Mboloko, yule paa mdogo, anaruka, umeona mkia tu, amekwenda. Nyani wanatukana juu ya miti. Kaka yako akawa anawapiga picha kwa simu, anawaonyesha watoto. Kisha akaanza kusema jambo la ajabu kidogo. Alisema wanyama wamemzoea. Mboloko alisimama katikati ya njia, wakampita karibu kiasi cha kumgusa. Hakutikisika. “Koko, iko kama kuku ya nyumbani!” Alifurahi sana. Bonheur hakufurahi. Alinisubiri mpaka tukabaki wawili, akaninong’oneza:

“Koko, ile mboloko haikutuangalia sisi. Iliangalia nyuma yetu.”

Sasa siku yenyewe. Nakusimulia kama kaka yako alivyosimulia, hapa hapa, miguu yake ingali na tope.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Waliondoka hawajala, Bonheur anaimba, ananiambia nimwekee samaki, nisimpe paka wala mchungaji. Walifika kijitoni. Tawi likatupwa. Wakaanza kupanda.

Ndege walinyamaza. Si mmoja mmoja. Wote.

Wakakuta nguruwe pori. Kundi zima, wakubwa na watoto, wamejipanga pande mbili za njia kama watu wanaosubiri jeneza lipite. Hawakukoroma. Hawakukimbia. Vichwa vyote vilielekea upande mmoja, kule walikotoka wao. Wakapita katikati yao. Mmoja alikuwa anatetemeka miguu, lakini hakuondoka.

Bonheur akanong’ona, “Shemeki. Tangu kijitoni kuna mutu nyuma.”

“Usiangalie,” kaka yako akasema. “Kimbia tu.”

Wakafika juu. Palikuwa na nguzo za nyumba zilizooza, na michikichi iliyopandwa na watu. Kizingiti kimoja kilikuwa bado kipo, hakina nyumba. Juu ya kizingiti alikuwa amelala chui. Amelala kama mbwa ambaye mwenyewe amesafiri.

Chui akainuka. Akajinyoosha, mbele, kisha nyuma. Hakunguruma.

Wakageuka, wakashuka mbio. Na yeye akashuka. Hakuwa nyuma yao. Alikuwa pembeni, ndani ya majani, sawa na wao. Wakiongeza mwendo, anaongeza. Wakipunguza, anapunguza. Mara anakuwa upande wa kaka yako. Mara upande wa Bonheur. Anamtazama huyu. Anamtazama yule.

Chui yule hakuwa anawinda, Timothée. Alikuwa anachagua.

Kaka yako alituambia kwamba pale karibu na kijito walipotezana. Njia ilipinda, akajikuta peke yake. Hakuona kitu. Hakusikia kitu. Alikimbia mpaka kwa Papa Constant, akidhani Bonheur yuko nyuma yake.

Ndivyo alivyosema. Solange aliketi chini. Mimi nilifunga kitenge changu kiunoni na kupanda pikipiki ya jirani. Mtoto wa Banalia anasoma matope kabla hajasoma ubao. Nilifika na watu wa kijiji kabla mvua haijafika, na njia ile niliisoma mimi mwenyewe.

Walikuwa wawili, bega kwa bega, njia ikiwa nyembamba. Pale kijitoni Bonheur alikuwa upande wa nje. Alikanyaga kando. Mguu wake wa kushoto ukaingia ndani ya lile rundo la matawi aliyoyatupa kaka yako asubuhi zote zile. Ukaingia kama samaki aingiavyo ndani ya ndema. Ukashikwa. Kiatu kilikuwa bado ndani, kamba zimefungwa vizuri.

Mbele yake, nyayo za kaka yako. Ndefu. Ndefu. Kisha miguu yote miwili pamoja, visigino vimezama, maji yamejaa ndani.

Mtu anayekimbia hasimami bure. Kaka yako alisimama. Si mbali, pale mtu akikuita kwa sauti ndogo, unasikia. Alisimama mpaka visigino vikazama. Alikuwa anasikiliza. Na vidole vilielekea kijijini. Havikugeuka hata kidogo. Baada ya hapo, hatua ndefu tena.

Damu? Hapana. Alama ya mtu kuburutwa? Hapana. Kutoka kwenye lile rundo niliona nyayo zinazorudi juu, taratibu, za mtu asiye na haraka. Mguu wa kulia, kiatu, na ile nyota iliyo chini ya soli. Mguu wa kushoto nilidhani ni mtupu, kwa kuwa kiatu kilibaki. Nikainama niuone vizuri.

Haukuwa mguu wa mtu. Ulikuwa wa duara, laini, bila kucha.

Nilisimama. Nikamwambia Papa Constant amwite kaka yako. Akaja. Mzee hakumpigia kelele. Alimpa tawi bichi na kumwambia, “Mukono uliofungua ndio unafungaka. Na kinywa nacho kinafungaka. Laza majani, halafu sema mbele ya njia, umeacha nani, na ulimuacha namna gani. Ukisema kweli, chui itabaki kwake na mutoto atapumzika. Ni hivyo tu.”

Ni hivyo tu! Kitu rahisi kuliko kuuza sabuni.

Kaka yako akalaza tawi. Akasema, “Nimeacha Bonheur. Tulipotezana. Sikumusikia.”

Tukaondoka. Hatujafika kwenye pikipiki, Papa Constant akageuka kutazama nyuma. Majani yale tuliyoyavunja mabichi, maji yake yakidondoka, yalikuwa yamekauka na kujikunja kama ya mwaka jana. Mzee alivua kofia yake.

Wewe unataka kuniuliza kwa nini sikumwumbua palepale. Kwa sababu kinywa changu hakifungi njia hiyo. Ningesema mimi, ingekuwa ni maneno ya bibi mwenye hasira tu. Ni chake kinachotakiwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka kufagia lopango. Alama zilikuwa pale, kutoka kwenye lango mpaka katikati. Kiatu. Duara. Kiatu. Duara. Nikazifagia kabla Solange hajaamka. Kesho yake zilifika karibu zaidi, chini ya mwembe wa jirani ulioinamia ukuta wetu. Mbwa wa jirani huyo alichimba chini ya ukuta, akatoka, hajarudi mpaka leo. Mchungaji alikuja, akaomba, akapiga miguu, akamfukuza shetani kwa Kifaransa na kwa Lingala. Alipotoka alikuta alama imekanyaga juu ya alama ya kiatu chake mwenyewe. Ilikuwa mbichi. Hakurudi hata kuchukua mwavuli.

Kisha tukaanza kumsikia. Kukipambazuka, saa ile waliyokuwa wakiondoka. Anazunguka nyumba, anakimbia. Mguu mmoja unapiga, mwingine hausikiki. Pa. Kimya. Pa. Kimya. Na ndani, kaka yako amelala, miguu yake inatembea chini ya shuka, mwendo ule ule.

Usiku mmoja Solange alimwuliza. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia.

“Alikuita?”

“Hapana.”

“Kataliko. Mimi ndiye nilimutuma. Nilimwambia asikuache. Niambie tu kama alikuita.”

“Hapana, mama. Sikusikia kitu.”

Asubuhi hiyo ndiyo aliyoamka shingo haigeuki. Solange alimtazama, hakulia. Akafungasha nguo za watoto, akapanda mtumbwi wa kwenda Yahuma kwa mama yake mkubwa. Alisema hawezi kulala na mume ambaye yeye anamwomba kila usiku asiseme uongo, na yeye mwenyewe hajui atafanya nini akiusikia ukweli. Nakwambia, mjukuu wangu yule amejilaumu mpaka amekonda kuliko huyu. Lakini yeye alituma mtu. Hakumwacha mtu.

Tangu Solange aende, mambo hayafuati tena alfajiri. Mvua ikinyesha, mchana, jioni, yeye anakuja nayo. Ikikatika tunamsikia akizunguka. Pa. Kimya.

Sikia, inapungua.

Kataliko. Mdogo wako yuko hapa. Ametoka mbali, amelala juu ya magunia kwa ajili yako. Anataka kukupeleka kwa mama yenu. Utampeleka nani kwa mama yenu? Nimesema maneno yote, limebaki moja, na si langu. Nyuma ya mlango kuna tawi. Papa Constant amelituma asubuhi hii kwa toleka, bado lina maji.

Imekatika.

Nyamazeni. Sikilizeni.

Timothée, unasikia kitu nje? Mimi nasikia maji ya manjanja yanadondoka kwenye pipa. Nasikia pikipiki huko barabarani. Hatua sisikii. Kila siku mvua ikikatika anazunguka. Leo hazunguki.

Kwa hiyo hayuko nje.

Usisimame. Kaa. Nilikuambia mwisho ule wa benchi unalowa. Hukutazama juu. Manjanja hayavuji, mwanangu. Hayajawahi kuvuja. Mwisho ule unalowa kila mvua inyeshapo tangu juma lililopita, na leo ulikuwa umelowa kabla wewe hujaingia. Ameketi hapo muda wote huu. Amesikiliza pamoja nawe.

Usifuate macho yangu. Tazama kaka yako.

Kataliko, sema. Usiniambie mimi. Mwambie yeye.

Sauti, mwanaume. Hata sokoni unapigia kelele gunia la maharage.

…

Haya. Umesikia, Timothée? Mimi nimesikia. Sema tena, usilie, sema: “Aliniita. Aliniita kwa jina langu. Alisema, shemeki, kiatu kimeshikwa, nisubiri kidogo tu. Nilisimama. Nikajua nikigeuka nitarudi. Sikugeuka.” Ndiyo. Ndiyo hivyo. Umeona lilivyo fupi? Umetuua sisi wote kwa neno fupi namna hiyo.

Timothée, shingo yake.

Amegeuka. Anatazama mwisho wa benchi. Mwache atazame, hiyo ni haki yake ya kwanza tangu siku ile. Wewe tazama magoti yako. Benchi limelia, ndiyo. Mtu akiinuka benchi linalia, hakuna ajabu. Usitazame sakafu bado.

Sasa tazama.

Nyayo zinatoka pale ulipokuwa karibu kuketi, zinapita mbele ya miguu yako, zinakwenda mlangoni. Maji matupu juu ya saruji. Kiatu chenye nyota. Duara. Kiatu. Duara. Vidole vyote vinaelekea nje. Asubuhi zote zile vilikuwa vinaelekea ndani.

Bon. Nipe kile kiatu juu ya msumari. Sasa unaweza kukishika. Ni kizito, eh? Hakijawahi kukauka. Mjukuu wangu hawezi kupanda kilima na mguu mmoja wa kuazima, aonekane kama hana watu. Nitamvalisha mwenyewe, nimsindikize mpaka pale kijitoni, na yule mwingine, chui, arudishiwe kinachomhusu.

Kataliko, inuka. Chukua tawi. Nikishatoka, utalilaza kwenye kizingiti, shina lielekee ndani, majani nje. Kwa mkono wako. Timothée asikusaidie, hata ukitetemeka. Halafu mtalala hapa, na kesho mtapanda lori lenu, na utamtumia Solange habari kwa kinywa kile kile ulichotumia sasa.

Usinishike nguo, Timothée. Eti “Koko, baki”! Saa ile ulikuwa unacheka, ningekuwa nimekwenda na kurudi. Nani mwingine atatoka? Wewe, ambaye hujui hata tawi linalazwa vipi?

Sikiliza hili la mwisho. Nikirudi sitagonga. Mimi nikiwa ni mimi, nitaita kwa matusi, kama kawaida yangu, mpaka majirani waamke. Akija mtu anagonga kwa adabu, na sauti yake ni yangu, msifungue.

Haya, Bonheur. Tangulia, baba. Taratibu, magoti ya koko yako si ya toleka. Wakikuuliza njiani nani iko anakufuata, waambie ni mimi.

Kataliko, weka tawi.

Nafunga mlango.